Tonge la Bibi

Walipoingia kwa bibi, Mahlet aliona kwanza injera ya jana, mkate mwembamba wa Kihabeshi waliomwachia mlangoni, kingo zimekauka, haijaguswa.

“Bibi huyu anaturingia,” mwenzake wa kujitolea alinong'ona. “Kesho tumpe mwingine. Mtaa huu wa Footscray una wengi wenye njaa.”

“Nimezeeka miguu, si masikio,” bibi alisema kutoka kitini. “Mpeni huyo mwingine. Kwetu chakula hakitupwi mlangoni kama cha paka.”

Mwenzake akaacha chakula cha leo mezani, akabeba kapu la vyakula vya wengine, akatoka. Mahlet akanawa mikono, akaketi, akamega injera, akachota dengu, akalipeleka tonge hadi mdomoni mwa bibi, kama desturi ya kwao wote wawili.

Midomo ilibaki imefumbwa. Halafu ikafunguka.

Bibi alitafuna polepole, kisha naye akamega tonge, akamlisha Mahlet. “Nyumbani unakula na nani, mwanangu?”

Hilo Mahlet hakuwahi kumwambia mtu.

“Tangu nifike nchi hii, bibi, sijala na mtu.”