Sauti Haishuki

"Sauti haishuki," Violeth alisema. "Kama inakukera, ziba masikio."

Kibanda kizima kikacheka. Lameck, bingwa wa gemu mnadani Balangdalalu, hakuzoea kujibiwa hivyo. Kwenye meza kati yao ilikuwepo kompyuta ndogo ya kushika mkononi, ambayo kaka yake Violeth aliiwekea programu ya kuigiza mashine za gemu za zamani. Kila mmoja alishika padi yake ya kuchezea. Violeth alichagua gemu la ngumi.

"Hili la babu zetu!" Lameck alilalamika. "Tucheze jipya, lenye picha safi."

"Unaogopa?"

"Mimi? Thubutu!"

Mzee Margwe, baba yake Violeth, alisimama mlangoni na fimbo mbili mkononi. Lameck alimpa shikamoo, naye akaitikia kwa mkato. Asubuhi nyumbani Gendabi baba na binti walikuwa wamegombana. Violeth alitaka kupanda basi la Babati peke yake, akaanze chuo. Baba akakataa katakata: mjini watamwibia mwanangu, watamgonga na pikipiki.

"Mbona gemu namshinda hata Lameck!" binti alifoka.

Mzee akacheka kwa hasira. "Haya, mshinde bila kusaidiwa na mtu, uende."

Sasa basi lilikuwa linapiga honi stendi, na begi la Violeth lilikuwa mgongoni.

Lameck aliwahi upande usio na jua, aone kioo vizuri.

"Kaa popote," Violeth alisema. "Kwangu ni sawa tu."

Raundi ya kwanza, spika ya mnadani ilinguruma bei za ng'ombe, na Violeth akapigwa vibaya. Mzee akageuka aondoke.

"Bado, baba! Subiri hapo hapo."

Spika ikanyamaza. Raundi ya pili akashinda Violeth. Ya tatu alicheza uso ukiwa umeelekea mlangoni, vidole vikikimbia.

"Angalia gemu, dada! Unanidharau?"

"Wewe cheza."

Mpiganaji wa Lameck akaruka juu. Kabla hajatua, ngumi ikamkuta. Chali! Vijana walipiga kelele mpaka wauza mbuzi wakaja kuchungulia.

Mzee Margwe aliingia hadi mezani. Kisha akamwekea binti yake mkononi fimbo moja, ile nyembamba nyeupe aliyomnyang'anya asubuhi.

"Haya, nenda."

Violeth akatoka peke yake, akigonga ardhi mbele yake, akiifuata honi ya basi.