Kifurushi Kilichofutwa

Salha, fundi kompyuta wa hospitali ya mji ule, alichapa amri ya kufuta kifurushi cha programu alichodhani hakitumiki tena. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, maana programu nyingine zilikitegemea. Akajibu ndiyo bila kusoma, kwa mazoea tu.

Simu ikalia. Alikuwa Sista Tabitha wa wodi ya watoto wachanga.

"Salha, umegusa nini? Skrini zote zimezimika! Sioni mapigo ya moyo ya mtoto yeyote!"

"Nakirudisha sasa hivi, Sista. Usikate simu."

Akachapa amri ya kukipakua upya, akakosea herufi, akafuta, akachapa tena. Maandishi yakaanza kushuka polepole. Kwenye simu alisikia viatu vikikimbia, na mtu akiita, "Huyu wa dirishani, njooni!"

Kisha sauti nyingine ikasema, "Zimewaka!"

Salha akakimbilia wodini. Kila skrini ilikuwa na mstari wake wa kijani unaorukaruka. Tabitha hakuzitazama. Alikuwa ameinamia kitanda cha dirishani, sikio juu ya kifua cha mtoto, mkono mmoja ameuinua kuwanyamazisha wote.