Nyumba Hii Haiuzwi

Ngusa alikuwa amefika kwenye herufi ya H, brashi mkononi, jasho likimtiririka, mkewe Nyanzala aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yao ya Makanyagio.

Ukutani palisomeka: NYUMBA HII H

Nyanzala hakusubiri mengine, maana nusu ya mtaa wameandika hivyo kuwafukuza matapeli. Machozi ya furaha yakamtoka.

Kubeti kulishakula pikipiki, kukala na cherehani ya Nyanzala, na kila mara Ngusa aliapa kwamba ndiyo mwisho. Miezi mitatu iliyopita, akienda Majimoto kuvuna mpunga, Nyanzala alimwachia neno moja: "Uza vyote, Baba Lucia, ila nyumba usiiguse." Ilijengwa kwa ng'ombe ambao Nyanzala aliwarithi kwa baba yake, na hakuwa na pengine pa kulaza wanawe, waliobaki Majimoto wakisubiri gari la mpunga.

Kumbe mume kasikia! Kajifungia mwenyewe mlango wa kishawishi.

"Umewahi kurudi," Ngusa alisema bila kugeuka.

"Mpunga umeisha. Na pazia jipya umeweka! Nyie wanaume mkiamua mnaweza."

Nyanzala alipoelekea mlangoni akanywe maji, Ngusa akamshika mkono haraka. "Ngoja kwanza. Rangi mbichi."

Jirani yao Dorotea akapita na ndoo kichwani, akaangalia chini, wala hakusalimu. Wivu huo, Nyanzala aliwaza, na akamsamehe.

Akamtazama mumewe. Amekonda, shati limechakaa, kola imejaa vumbi. Miezi mitatu bila mke, maskini. Akamnyang'anya brashi.

"Lete nikusaidie. Nyumba ni yetu wote."

Akamalizia kwa mkono wake mwenyewe: HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Herufi zilipinda kidogo, lakini alizipenda. Ngusa alikuwa amechuchumaa kando, kichwa katikati ya magoti.

Pazia la mlangoni likafunuliwa. Akatoka mwanamke asiyemjua, khanga kiunoni, ameshika sahani ya ugali na maharage.

"Fundi, chakula chako hiki," alisema, kisha akamwona Nyanzala. "Karibu, dada. Wewe ni ndugu yake? Afadhali umekuja umchukue. Sisi tunampa vibarua kwa huruma tu. Tangu afiwe na mke akatuuzia hii nyumba, analala stendi."