Antena ya Baba Iteka

Jumamosi asubuhi Muksini, fundi redio wa Ngara mjini, aliulaza chini mlingoti wa mwanzi, akapapasa antena kijiti kwa kijiti, kisha akamgeukia mwenye nyumba kama mtu aliyeonja chai yenye chumvi.

"Mzee, hiki cha katikati kimekatwa kupita kipimo. Urefu wa vidole viwili haupo."

"Nilikosea kipimo," alijibu Nduwayo kutoka kwenye kigoda chake.

Muksini hakuelewa. Mwanafunzi wake huyu hakuwa mtu wa kukosea kipimo.

Bondeni kwao, huko Kibimba, mtandao hauingii. Anayetaka kuongea kwa simu hupanda mlima. Zamani Nduwayo alipanda kila Jumapili baada ya ibada, akaongea na Iteka, binti yao wa pekee, anayefanya kazi za ndani Uarabuni. Kisha kisukari kikaja kuchukua mguu wake, ukakatwa juu ya goti, na mlima ukabaki wa mkewe peke yake. Speciosa hupanda na simu yao, hushuka na salamu. Iteka amenenepa. Iteka amejifunza kuoka keki. Iteka anauliza kama baba anameza dawa.

Salamu zilikuwa nzuri, lakini aliyekula kwa kusimuliwa hashibi. Nduwayo alikuwa na hamu ya kuisikia sauti ya mwanawe, hamu ya kuuma kifua. Tena alimwonea huruma mkewe. Mlima ulikuwa unammaliza. Amekonda, na kila akishuka macho ni mekundu, akisema ni upepo wa huko juu.

Ndipo akaamua kujifunza kutengeneza antena ya kuuvuta mtandao mpaka uani kwake. Kulipata somo la mtu anayeanza kulimtoa jasho. Kutoka Rulenge aliletewa kitabu kinene cha Kiingereza. Ukurasa wa kwanza tu herufi na tarakimu zilikuwa zimekumbatiana, akakifunga kwa heshima. Muksini akamwonyesha video ya kijana aliyesema upesi lugha ya mbali huku mikono ikienda mbio kuliko maneno. Mwisho fundi aliona aibu. Akalirekodi somo kwa sauti yake mwenyewe kwenye memori kadi, polepole, tangu waya ni nini, na Nduwayo akalisikiliza kwenye kiredio chake.

Sasa, Nduwayo alikuwa katekista tangu ujana wake, na katekista anajua njia moja tu ya kujifunza. Swali na jibu.

Kijiti cha nyuma kikoje? Kirefu kuliko vyote. Cha mbele je? Kifupi. Na cha katikati? Hicho ndicho moyo. Ukikipunguza, vingine vyote ni mapambo. Alikariri asubuhi, akakariri mchana, mpaka Speciosa aliyekuwa akimenya ndizi pembeni angeweza kupata kipaimara cha antena bila kuhudhuria mafundisho.

Lakini Speciosa hakuipenda kazi hiyo. Kwanza alisema antena huita radi. Halafu alitumwa vijiti vya alumini sokoni, akasahau. Soko lililofuata akasahau tena, yeye asiyewahi kusahau hata kiberiti. Siku moja akauliza bila kuinua macho.

"Ikikamata, simu itaita hata nisipokuwepo?"

"Hata ukiwa shambani, Mama Iteka. Miguu yako itapumzika."

Akaendelea kumenya. Nduwayo alidhani mkewe haamini kwamba mzee wa mguu mmoja anaweza kushindana na mlima, na jambo hilo lilimtia bidii zaidi.

Na sasa, baada ya bidii yote hiyo, urefu wa vidole viwili haupo.

Muksini alisema si neno, wiki ijayo ataleta kijiti kingine. Kazi iliyobaki ni ndogo na somo mzee amelishika kumshinda hata mwalimu. Nduwayo alitikisa kichwa.

"Acha, mwanangu. Mlima umenishinda. Ichukue yote."

Fundi alivifunga vijiti nyuma ya pikipiki, akaondoka akijilaumu kwamba pengine rekodi yake haikueleweka.

Kesho yake Speciosa alipanda mlima kama kawaida. Aliposhuka, alikuta kigoda cha pili kimewekwa karibu na cha mumewe. Nduwayo alimwomba asimulie tangu mwanzo, asiruke kitu. Basi akasimulia. Iteka amecheka sana. Iteka ameoka keki ya ndizi, tajiri wake akaomba aongezewe. Nduwayo alicheka palipostahili kuchekwa, akauliza ndizi za huko zina ladha gani, kisha akaushika mkono wa mkewe, jambo ambalo hawakulizoea mchana, tena uani.

"Jumapili ijayo mwambie antena imenishinda," alisema. "Mwambie tutaendelea na salamu."

"Nitamwambia," alisema Speciosa, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alimaliza chakula chake.

Antena ilikuwa imekamata Alhamisi, siku mbili kabla fundi hajaja, Speciosa akiwa shambani. Nduwayo aliuzungushia waya mgongo wa simu, mtandao ukajaa, akaingiza vocha aliyoificha kwa ajili ya siku hiyo, akabonyeza jina la Iteka. Iliita. Kabla hajafungua kinywa, sauti ya msichana asiyemjua ilimwahi, yenye adabu na haraka kidogo.

"Shikamoo mama. Sanduku la nguo za marehemu bado ninalo. Baba umeshamwambia?"