Kitanda cha Mzee Kalaba

Lombe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dharura tangu asubuhi, kikwembe begani, akimwombea mzee wa watu afe.

Msimlaumu haraka. Binti yake Dorine alikuwa amelala sakafuni koridoni, kifua kikipanda na kushuka kwa tabu. Oksijeni ilikuwamo chumbani tu, na mpira wake haukufika koridoni.

"Bitanda yote ilijaa, mama," muuguzi Donat alimwambia Lombe. "Moja ikitoka, utandike."

Hapo hakuna aliyegawa vitanda. Mgonjwa akifa, jamaa zake wakianza kulia, anayewahi kutandika kikwembe chake ndiye mwenye kitanda. Jana mama mmoja wa Katuba alisimama kwanza kutoa pole. Basi, akabaki sakafuni na mtoto wake. Lombe aliyaona hayo, akaapa hatakuwa mjinga namna ile.

Alikuwa amemchagua mzee Kalaba wa Kipushi. Mzee hakula tangu juzi, wala hakufumbua macho. Mabinti zake watatu walifukuzwa chumbani kwa sababu ya msongamano, wakaketi koridoni bega kwa bega na Edith, mdogo wake Lombe, aliyempakata Dorine. Lombe aliwapelekea chai. "Mungu atamusaidia papa," akawaambia, na uso wake haukuonyesha kitu.

Edith akaja mlangoni kwa dada yake.

"Yaya, Dorine anakuita."

"Umwambie niko nakuja na kitanda."

"Anataka tu umushike mukono."

"Nikitoka hapa batanipita. Urudie kule."

Edith akarudi. Alikuwa na uso wa kutaka kusema neno lingine, lakini Lombe alikwisha kumpa kisogo.

Baada ya kitambo Donat alimwinamia Kalaba, akamshika mshipa wa mkono. Akaitwa nje. Akampita Lombe mlangoni mbio, bila kumtazama. Lombe akashusha kikwembe begani, maana hivyo ndivyo wauguzi walivyokwenda kuwapa watu habari mbaya.

Kilio kikapasuka koridoni. Sauti alizitambua: mabinti wa Kalaba, wote watatu.

Tuseme ukweli, alifurahi. Aliwapiga kumbo akina mama wawili, akafika kitandani, akatandika kikwembe juu ya miguu ya mzee na kukikalia, akihema. Kitanda kimepatikana. Mwanangu atapona.

Mkono mkavu ukamshika kiwiko. Mzee Kalaba alikuwa amefumbua macho, na hayakuwa na hasira. Akaelekeza kidevu kwenye dirisha la koridoni, upande alikokuwa Dorine.

"Miye niko muzima, mama," akasema polepole. "Batoto yangu banakusaidia kulia."