Kijani cha Februari

Shamba ambalo setilaiti haikuliona kijani kwa misimu miwili hutwaliwa na serikali. Kipimo hicho kilitokana na utafiti wa Dakta Chemutai, naye alikiamini hadi shamba la mama yake, Kobilo, lilipopata alama za juu mwezi Februari, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha tangu Oktoba.

Alifunga safari hadi Marigat, kijijini kwa mama yake. Mtama ulikuwa umeng'olewa. Mathenge, mti wa miiba usiokauka hata kiangazi, ulikuwa umetapakaa hadi mlangoni, na mbuzi walikuwa wameoza meno kwa kula maganda yake matamu.

"Mama, mti huu umeupanda mwenyewe?"

"Mtama ukiiva hukauka. Ukikauka, mnatunyang'anya shamba. Hukufundishwa hilo chuoni?"

"Na mnakula nini?"

"Unga wa msaada. Kijiji kizima."

Chemutai alifungua kompyuta. Kata yote ilikuwa kijani, kama ripoti yake ilivyoahidi. Kutenganisha mathenge na mazao kungehitaji marekebisho ya mistari minne tu ya programu, na shamba hili lingekuwa la kwanza kutwaliwa.

Kobilo alimmiminia chai. "Umekuja kama mwanangu, au kama mpimaji?"

"Kama mwanao, mama."

"Basi ifunge hiyo."

Aliifunga. Kobilo aliendelea kuitazama kompyuta, kana kwamba bado ilikuwa wazi.