Wa Nne Barafuni

Zamani, mechi ya magongo ya barafuni ikifika muda wa nyongeza, timu zilicheza watano kwa watano, na beki Desrosiers hakuachwa nje. Sheria mpya ikaleta watatu kwa watatu, mchezo wa wenye mbio. Yeye na uzito wake wakaota mizizi benchini.

Leo, muda wa nyongeza ukiendelea, kocha akamgusa bega. Ndivyo mchezaji anavyoitwa kuingia. Desrosiers akaruka ubao unaozunguka barafu, vyuma vya viatu vikakwaruza barafu.

“We mzee, unakwenda wapi?” kocha akafoka. “Nimekugusa usogee, mwenzio apite!”

Filimbi ikalia. Timu yake ilikuwa na wanne barafuni badala ya watatu, hivyo wapinzani wakaruhusiwa kuongeza mtu.

Desrosiers aliketi kwenye kizimba cha adhabu bila tone la jasho, akiitazama mikwaruzo yake miwili kupitia kioo. Kisha wapinzani wakafunga bao la kumaliza mechi, na uwanja mzima wa nyumbani ukanyamaza.